Msiiache Boriti Ikauke

Haya ni maneno kuhusu kupima nguvu ya zege linapopindwa, niliyowaambia wanafunzi wa ujenzi na mafundi katika ukumbi wa chuo kimoja cha ufundi hapa Kisumu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pamoja na hesabu nilizofanya ubaoni.

Walimu wangu, mafundi mlioacha mjengo mchana huu mkaja kunisikiliza, nanyi wanangu wa mwaka wa kwanza na wa pili, hamjambo.

Niliwaomba wenyeji wangu meza imara, na sasa mnaona sababu. Hivi vipande viwili vilikuwa kitu kimoja hadi Jumanne asubuhi. Ilikuwa boriti ya zege, au konkriti kama tunavyosema mjengoni: upana milimita 150, kimo 150, urefu 550. Ikiwa nzima ina uzito wa karibu kilo 30. Niliivunja mwenyewe maabarani, polepole, kwa dakika moja na kitu, na ilipokatika ililia tak, kama kijiti kikavu. Tukimaliza nataka mje mmoja mmoja mpitishe kidole pale ilipokatikia. Mengi niliyokuja kuyasema yameandikwa pale.

Nianze na kyubu, kwa sababu kyubu nyote mnaijua. Ni ule mchemraba wa milimita 150 kila upande unaokandamizwa kwenye mashine mpaka upasuke. Injinia akiuliza zege lenu lina nguvu gani, karibu kila mara anauliza habari za kyubu, na ni swali zuri. Lakini zege ni jiwe, na jiwe halichoki kulemewa. Nendeni Seme mkatazame Kit Mikayi, mawe ya mke wa kwanza. Yamepandana marefu kuliko nyumba za ghorofa nyingi za mji huu, yamebebana tangu kabla ya babu za babu zetu, na ndani yake hakuna hata kipande cha chuma. Sasa chukua bamba la jiwe la namna hiyohiyo, lilaze juu ya mtaro kama daraja, upitishe ng'ombe. Huenda likavuka na ng'ombe wa kwanza, na wa pili akalivunja. Jiwe halijabadilika. Kilichobadilika ni namna linavyobebeshwa: mwanzo lilikuwa linakandamizwa, sasa linapindwa.

Kitu kinapopindwa kwa mzigo wa juu, upande wake wa juu hubanwa na upande wake wa chini huvutwa. Zege hubanwa likavumilia, lakini kuvutwa halikuwezi. Ndiyo maana nguvu yake ya kuhimili kupindwa huwa kama asilimia 10 hadi 20 tu ya nguvu yake ya kukandamizwa. Nitawapa hesabu ya zege moja, lililochanganywa siku moja, likamwagwa kwenye kalibu za kyubu na kalibu za boriti. Kyubu ikifika nyutoni 30 kwa milimita ya mraba, mashine imeilemea kwa nyutoni 675,000, karibu tani 69. Boriti ya zege hilohilo inaweza kukatika kwa nyutoni 30,000, yaani tani 3 na kidogo. Anayeiona mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika. Mashine ni nzima. Hivyo ndivyo zege lilivyo.

Mtasema: basi tunatia vyuma, tatizo limekwisha. Nitalirudia hilo mwishoni, maana mzee mmoja aliniuliza mlangoni kabla sijaingia. Kwanza tuangalie zege lisilo na vyuma vya kulibeba, au lenye wavu mwembamba tu wa kuzuia nyufa zisitanuke: sakafu za maghala, vituo vya mafuta, maegesho ya malori, barabara za zege kama Mbagathi Way kule Nairobi. Slabu ya namna hiyo imelala juu ya ardhi, na mtu husema kilicholala kitapindwaje. Ukitoka hapa mjini kuelekea Ahero unaingia uwanda wa Kano, na udongo wake mweusi wengi wenu mmekua nao. Kiangazi hupasuka mpaka mguu wa mbuzi ukazama. Mvua zikirudi huvimba. Mwaga sakafu ya godauni juu ya udongo huo bila kuuondoa, bila kujaza changarawe na kuishindilia, uone itakavyokuwa. Kiangazi udongo wa ukingoni hukauka kwanza, hunywea, na kuacha pengo chini ya slabu. Masika huvimba na kuisukuma juu. Slabu haijabebeshwa gunia hata moja na tayari inapindwa. Kisha inaingia trela ya miwa ya kwenda Chemelil au Muhoroni, au lori la mafuta lililopakia hapa Kisumu likielekea Uganda. Kila gurudumu linapopita, slabu inapinda kidogo na kurudi, inapinda na kurudi. Anayebuni sakafu ya namna hiyo, au barabara ya zege, anaanza na nguvu ya kupindwa, na unene wa slabu unatoka humo. Akipewa namba ya uongo, unene wake nao utakuwa wa uongo.

Nikiwa bado kwenye unene, kuna jambo moja la mafundi. Mwaka 1638 Galileo, yule Mtaliano aliyetazama nyota, alichapisha hesabu ya boriti iliyochomekwa ukutani ikibeba mzigo kwenye ncha yake ya nje. Jambo moja alilikosea: alidhani boriti yote inavutwa kutoka juu hadi chini, ikiegemea ukingo wake wa chini. Kwa kosa hilo aliipa boriti nguvu mara 3 ya ile tunayoipata kwa hesabu ya leo. Lakini jambo la pili aliliona sawasawa, na nawaomba mlibebe hadi mjengoni: ukiongeza upana mara mbili, nguvu inaongezeka mara mbili, lakini ukiongeza kimo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Kimo kinajizidisha chenyewe. Kwa hiyo slabu iliyoandikwa inchi 6, fundi akaimwaga inchi 5 ili simiti ibaki, haijapoteza sehemu moja ya sita. 6 mara 6 ni 36, 5 mara 5 ni 25, na 25 kwa 36 ni kama asilimia 69. Imepoteza karibu asilimia 31 ya nguvu zake kwa inchi moja. Nimeona slabu zilizofanyiwa hivyo. Aliyepunguza alidhani amechukua kidogo.

Sasa tuingie maabarani.

Kazi inaanzia kwenye kalibu, na kalibu inaanza na usafi. Iwe imefungwa sawasawa, pembe zake zimenyooka, imepakwa mafuta kidogo tu. Zege huingia kwa tabaka mbili. Ukitumia fimbo ya chuma ya milimita 16, kiwango cha Marekani kinataka mchomo mmoja kwa kila milimita za mraba 1,400 za uso wa kalibu, na kwa kalibu kama hii hiyo ni michomo 59 kila tabaka. Hesabuni kwa sauti. Nasema kwa sauti kwa sababu nimewahi kusimama nyuma ya kijana mwema, mchapakazi, aliyechoma mara 30 na akaamini kwa moyo wote kwamba ni 60. Kisha gonga kando za kalibu ili matundu ya michomo yafunge na hewa itoke. Baada ya hapo ifunike. Inakaa kwenye kalibu saa zisizopungua 16 na zisizozidi siku 3, inatolewa, inaandikwa alama, inaingia majini.

Maji hayo yana masharti yake. Viwango vya Ulaya vinataka nyuzi 20, zikipanda au kushuka zisizidi 2. Tangi lililoachwa juani Kisumu mwezi wa Februari haliwezi kukaa hapo. Liwekeni kivulini, litieni kipimajoto, na mtu mmoja akisome kila asubuhi na kuandika. Boriti inakaa humo hadi siku yake ya kuvunjwa, ambayo kwa kawaida ni ya 28.

Siku hiyo inatoka majini ikiwekwa mashineni bado inatiririka. Inalazwa ubavu. Uso uliokuwa juu wakati wa kumwaga unaangalia pembeni, kwa sababu uso ule ulisawazishwa kwa mwiko na haujanyooka, ilhali zile za ubavuni zilinyooshwa na chuma cha kalibu. Chini kuna rola mbili, umbali wa milimita 450 kati yake. Juu kuna rola mbili nyingine, zimegawanya umbali huo sehemu tatu za milimita 150 kila moja. Rola hizo lazima ziweze kuzunguka na kuinama kidogo. Zikishikwa na kutu zinaibana boriti, mashine inapambana na kutu na zege pamoja, na geji inakuandikia yote kuwa nguvu ya zege. Futeni rola. Pakeni mafuta maungio yake. Ni kazi ya dakika kumi ambayo hakuna atakayekushukuru kwayo, na namba yako yote imeegemea hapo.

Kwa nini rola mbili juu, wakati moja ingetosha kuivunja? Hapa pananipendeza sana, na nilipokuwa kijana nilichukua muda kupaelewa. Ukiweka rola moja katikati, mahali panapopindwa zaidi ni nukta moja tu, chini ya ile rola. Umeichagulia boriti mahali pa kuvunjika. Ukiweka mbili, sehemu yote iliyo kati yake inapindwa sawasawa, milimita 150 nzima, na boriti inachagua yenyewe: penye kokoto lililolala vibaya, penye tundu la hewa, penye udhaifu wowote, ndipo inapokatikia. Kwa sababu hiyo rola moja hutoa namba kubwa zaidi, kama asilimia 13 juu ya ile ya rola mbili. Kwa hiyo cheti kinachosema boriti ilifika nyutoni 4.5 kwa milimita ya mraba bila kusema ilipindwa kwa rola ngapi hakijasema kitu. Na mtu akiona rola mbili zimempa namba ndogo, kisha akahamia rola moja apate namba ya kumfurahisha kontrakta, amedanganya. Sina neno lingine la kulainisha jambo hilo.

Mzigo unapanda taratibu, pasipo kukurupuka. Kiwango cha Ulaya kinataka mkazo uongezeke kati ya nyutoni 0.04 na 0.06 kwa milimita ya mraba kila sekunde. Kwa boriti hii ni nyutoni 300 hadi 450 kila sekunde, na ile ya nyutoni 30,000 itachukua zaidi ya dakika moja. Ukiharakisha, zege linaonekana lina nguvu kuliko lilivyo. Mwenye haraka ya kwenda kula anaweza kulipandisha daraja zege la watu bila kukusudia.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua mzigo uliovunja, zidisha kwa umbali wa rola za chini, kisha gawanya kwa upana mara kimo mara kimo. 30,000 mara 450 ni 13,500,000. 150 mara 150 mara 150 ni 3,375,000. Jibu ni 4.0 nyutoni kwa milimita ya mraba. Upana na kimo msivitoe kichwani kwa kuwa kalibu imeandikwa 150. Pimeni pale palipokatikia, mara tatu upana na mara tatu kimo, mtafute wastani. Boriti yenye kimo cha 148 mliyoiandika 150 imeshapotoshwa karibu asilimia 3, na sababu ni yule Galileo na kimo chake kinachojizidisha. Kisha angalieni imekatikia wapi. Ikiwa nje ya sehemu ya katikati, kiwango cha Marekani kinaruhusu hesabu nyingine ikiwa haikupita asilimia 5 ya umbali wa rola, yaani milimita 22 na nusu. Ikipita hapo, namba hiyo inatupwa. Inatupwa hata ikiwa nzuri. Inatupwa hasa ikiwa nzuri.

Sasa niwaambie kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kuja hapa leo.

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea kazi ya sakafu ya ghala moja nje ya mji. Boriti sita zilimwagwa siku moja, zege la mkupuo mmoja. Tatu zilikuja kwetu kesho yake zikaingia tangini. Tatu zilibaki kwao ndani ya pipa la maji, waone zege la mjengoni linakomaaje. Siku ya 27 wakatuletea zile tatu kwa pikapu, wazi, saa saba mchana, bila gunia wala turubai. Zilifika zimegeuka rangi, nyeupe kama majivu. Mimi nilikuwa na foleni ya kazi. Nikazipanga barazani, penye upepo, nikasema nitazivunja asubuhi. Sikuzirudisha majini. Niliona ni usiku mmoja tu.

Asubuhi nikazivunja zote sita. Za tangini zilitoa 4.1, 4.0 na 4.2. Za barazani zilitoa 2.8, 3.0 na 2.9. Nikaandika namba kama zilivyotoka na nikatia sahihi. Kuhusu pikapu na baraza sikuandika hata mstari. Injinia wa mradi, kwa haki yake kabisa, akasoma kwamba zege la mjengoni ni dhaifu, akasimamisha kazi na malipo. Wiki mbili vibarua wa pale hawakulipwa. Niliwajua kwa sura, maana wengine walikuwa wanapita njia moja nami asubuhi. Mmoja wao alinisimamisha akaniuliza kwa upole, "Madam, tulikosea nini?" Sikuwa na jibu, na nilirudi maabarani nikakaa chini na daftari mpaka nikalipata.

Hawakukosea wao. Boriti inapotoka majini ikapigwa na upepo, ngozi yake inakauka kwanza. Inapokauka hunywea. Lakini ndani bado kuna maji, ndani hakutaki kunywea, basi ngozi inavutwa kama nguo iliyobana mwili. Kabla mashine haijaigusa, ngozi ya boriti tayari imevutwa. Ukiiweka kwenye rola, mzigo unavuta wapi zaidi? Chini kabisa, kwenye ngozi hiyohiyo. Kazi ya kuivunja ilikuwa imeanzishwa na upepo, mashine ikaja kuimalizia. Na kinachopotosha watu ni kwamba kyubu iliyokauka haionyeshi udhaifu huo. Kyubu kavu mara nyingi hutoa namba ya juu kidogo kuliko iliyolowa. Ukiwa umezoea kyubu, macho yako hayajafunzwa kuogopa ukavu. Yangu hayakuwa yamefunzwa.

Nilimwandikia injinia yote, pamoja na baraza na usiku ule, nikaomba kipimo kirudiwe kwa zege jipya la mchanganyiko uleule, boriti zikibebwa ndani ya magunia yaliyolowa. Zikatoa juu ya 4. Malipo yakafunguliwa. Yule kibarua aliyeniuliza sikumwona tena njiani.

Kwa hiyo nikisema boriti isikauke, nawaomba mnielewe. Kutoka kwenye kalibu mpaka kwenye rola, ngozi yake isiguswe na upepo. Ikibebwa, ifungwe magunia yaliyoloweshwa, na juu ya magunia turubai la plastiki. Ikifika, iingie majini kabla ya kupokea sahihi, kabla ya chai, kabla ya kumsalimia dereva. Ikiwa imefika kavu, andikeni hivyo kwenye fomu kwa maneno yanayosomeka. Kuandika hivyo hakuwaaibishi. Kulinyamazia ndiko kulikoniaibisha mimi.

Njooni sasa tuangalie huu uso uliovunjika, nitauelekezea kidole mlioko nyuma mnione. Hapa mnaona kokoto lililopasuka katikati, nusu yake iko kwenye kipande hiki na nusu kwenye kile. Ufa ulifika kwenye jiwe, ukaona kulizunguka ni kugumu, ukapita ndani. Simiti imelishika jiwe vizuri. Hapa chini mnaona shimo laini, na kwenye kipande cha pili jiwe limetokeza nje zima, halina hata mkwaruzo. Hili lilichomoka. Pitisha kidole ndani ya shimo: kuna unga. Hilo kokoto liliingia kwenye mikisa na vumbi lake, simiti ikashika vumbi, haikushika jiwe. Kwenye kyubu vumbi hilo lingeweza kujificha, maana jiwe linalobanwa halina pa kwenda. Kwenye boriti linavutwa, na kinachovutwa kinadai kishikwe.

Kokoto zenye kona, zilizovunjwa, hushikwa vizuri kuliko zile za mtoni zilizolainishwa na maji. Nyingi kati ya zinazotumika huku kwetu zimevunjwa kwa nyundo na mama zetu kando ya barabara, karai kwa karai, na mimi naziheshimu kwa sababu najua mikono inayozivunja. Nyingine hutoka bapa, kama vigae, na zikilala upande mmoja huacha maji chini yake na kufungua njia ya ufa. Hilo si la kumlaumu mama. Ni la fundi na injinia kuchagua, kuchekecha na kuosha. Nakuru na kandokando yake kuna mawe ya volkano mepesi yenye vitundu, na yakichanganyika na kokoto ngumu utayaona kwenye uso kama huu yamepasuka yote, hata pale simiti ilipokuwa haijachoka. Kuosha kokoto ni madebe machache ya maji. Sijui kitu kingine chochote mjengoni kinachoongeza nguvu ya kupindwa kwa bei hiyo.

Matundu haya madogo ya mviringo ni hewa iliyokosa pa kutokea. Hilo kubwa karibu na ukingo ni la mtu aliyechoma mara 30 akiamini ni 60.

Sasa swali la mzee wa mlangoni. Aliniuliza hivi: "Binti yangu, boriti za nyumba tunazitia vyuma, na vyuma ndivyo vinavyovutwa. Hii ya kuvunja zege lisilo na chuma inatuhusu nini?"

Mzee, umesema kweli kwamba vyuma ndivyo vinavyovutwa. Lakini havianzi kazi yao kikamilifu mpaka zege linalovizunguka limepasuka. Namba ninayoipata kwenye rola inakaribia kukuambia lini ufa wa kwanza utatokea. Nyumba haitaanguka kwa ufa huo, na hakuna haja ya kuwatia watu hofu. Lakini ufa ukipata upana wa kutosha ni mlango wa maji, na sisi tunaishi kando ya ziwa, mvua inatupiga mwezi baada ya mwezi. Maji yakifika kwenye chuma huleta kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, basi inalisukuma zege kwa ndani mpaka linabanduka. Umewahi kuona chini ya baraza la ghorofa ya zamani, chuma kimetokeza chekundu na zege limeanguka vipande. Na tena, mzee, nyumba hiyohiyo yenye boriti za vyuma ina sakafu ya chini iliyolala juu ya udongo, njia ya gari, na mfuniko wa mtaro ambao mtu aliumwaga jioni bila chuma kwa kuwa zege lilibaki. Huo mfuniko wa mtaro ndio unaonikosesha usingizi, kwa sababu watoto huukanyaga wakienda shule.

Kijana mmoja pale mbele ameinua mkono akauliza kama nguvu ya kupindwa inaweza kukisiwa kutoka kwa kyubu, ili kuokoa gharama. Watu hukisia. Kuna hesabu zinazotumia kipeuo cha pili cha nguvu ya kukandamizwa, na kwa kupanga kazi zinafaa. Lakini hesabu hiyo haijui kokoto zako zilioshwa au hazikuoshwa, na sasa hivi umeona kwa kidole tofauti yake. Pale sakafu inapobeba malori, vunja boriti.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha. Nina boriti tatu tangini zinazofikisha siku 28 kesho, Alhamisi. Wanaotaka kuziona zikivunjwa waje kwenye maabara yetu saa mbili asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Nitahitaji watu wawili wa kubeba kila moja, mtu wa kusoma geji, na mtu wa kushika saa. Magunia yaliyolowa nitayaweka mimi mwenyewe mlangoni jioni ya leo.